Anayejitegemea Analipwa Kiasi Gani? Namna ya Kuuliza Ili Jibu Lieleweke

Kwa mwaka 2017 Marekani ilipata majibu mawili kwa swali moja: ni watu wangapi wanafanya kazi kwa kujitegemea? Ofisi ya Takwimu za Kazi ya serikali ilisema wakandarasi wa kujitegemea ni watu milioni 10.6, sawa na asilimia 6.9 ya wenye kazi. Utafiti wa Freelancers Union, chama cha wanaojitegemea cha Marekani, na Upwork, kampuni yenye jukwaa la kazi mtandaoni, wa mwaka huohuo, ulisema mafrilansa, yaani wanaofanya kazi za kujitegemea, ni milioni 57.3, zaidi ya theluthi ya nguvukazi nzima. Hakuna aliyedanganya. Serikali iliuliza juu ya kazi kuu ya mtu katika wiki moja. Wenzao waliuliza kama mtu amefanya kazi yoyote ya kujitegemea ndani ya miezi 12, hivyo mwalimu aliyetafsiri barua moja ya jirani kwa malipo mwishoni mwa wiki naye akaingia kwenye hesabu. Magazeti yakachukua namba, yakaacha maelezo, na kila mwenye hoja akachagua namba iliyompendeza.

Huku kwetu tatizo ni hilohilo, ila lina sura ya nyumbani. Kijana anayeshinda chumbani na kompyuta mpakato anaonekana hana kazi, au anaonekana anavuna dola usiku kucha. Benki inataka hati ya mshahara ambayo hana. Mteja akitajiwa bei anaigawa kwa siku alizosubiri kazi, anaona ameibiwa. Tafiti za sekta zinaweza kusahihisha mambo haya, na tunaamini kwa dhati kwamba hakuna njia nyingine inayofika mbali kama hiyo, kwa sababu mtu mmoja akilalamika anaonekana mlalamishi, lakini watu 300 waliojibu maswali yaleyale hawapuuzwi kirahisi. Sharti ni kuuliza sawasawa. Utafiti unaouliza bei tu huongeza mkanganyiko. Vinavyotakiwa kupimwa ni saa, gharama, na siku za kusubiri fedha.

Anza na nani anahesabiwa. Usiulize "Je, wewe ni frilansa?" Mpiga picha wa harusi atasema hapana, mimi ni mfanyabiashara. Mwandishi anayelipwa kwa kila habari na chombo kilekile kwa miaka mingi atasema hapana, mimi ni mwandishi wa gazeti fulani. Mwanafunzi aliyefungua akaunti kwenye jukwaa la mtandaoni na hajapata kazi hata moja atasema ndiyo. Badala yake uliza mambo yanayoonekana: katika siku 30 zilizopita, ulifanya kazi ya malipo hata kwa saa moja bila kuwa mwajiriwa? Wateja walikuwa wangapi? Mteja mkubwa kuliko wote alitoa sehemu gani ya mapato yako? Nani alipanga bei, wewe au yeye? Nani alipanga saa za kufanya kazi? Kipimo cha saa moja si cha kubuni. Ndicho takwimu za ajira hutumia duniani kote, isipokuwa zenyewe hutazama wiki moja. Kwa kazi zinazokuja kwa msimu, wiki moja ni dirisha dogo mno, ndiyo maana tunatumia siku 30 na kuongeza swali moja la miezi 12. Majibu ya maswali hayo mawili yachapishwe yote, kila moja na jina lake, ili yasirudie vurugu ya milioni 10.6 na milioni 57.3.

Maswali ya mteja mkubwa na mpangaji wa bei yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Mwaka 2018 wanatakwimu wa kazi walipokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani walipitisha mgawanyo mpya wa hali za ajira, ukiwa na kundi la wakandarasi tegemezi: watu wanaojiajiri kwa karatasi, lakini bei, ratiba au soko lao viko mikononi mwa mwingine. Dereva wa bodaboda anayepata abiria kupitia programu ya simu yuko karibu na kundi hilo. Mwandishi wa habari aliyeko mkoani, mwenye chombo kimoja tu cha kumuuzia, naye yuko karibu nalo. Ukiwachanganya na mshauri mwenye wateja tisa anayejipangia bei, wastani wako hautamweleza yeyote kati yao.

Swali la fedha ndilo huharibika zaidi. "Kwa kawaida unatoza kiasi gani?" huleta bei ya heshima, ile mtu anayopenda kuitaja mbele za watu. Uliza kazi tatu za mwisho zilizokamilika, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja uliza vitu sita: ilikuwa kazi gani, ilichukua saa ngapi pamoja na marekebisho, mlikubaliana kiasi gani, ulituma ankara lini, fedha ziliingia lini, na kiasi kilichoingia kilikuwa kipi. Hapo ndipo ukweli hutoka. Bei iliyokubaliwa na kiasi kilichoingia ni nadra kulingana, na tofauti yake ina majina: makato ya jukwaa, tozo ya kutuma, kubadilisha fedha, kodi ya zuio (ile mteja anayoikata na kuipeleka serikalini), au mteja aliyepunguza tu bila kueleza. Fiverr humkata muuzaji asilimia 20. Kodi ya zuio kwa ada za huduma na ushauri ni asilimia 5 kwa mkazi, Tanzania na Kenya, lakini hiyo haijapotea, maana huhesabiwa kwenye kodi ya mwaka ikiwa mtu amepewa cheti chake na mteja. Dodoso lisipotenganisha makato hayo, mmoja ataandika kiasi cha kabla ya kukatwa na mwingine cha baada, na hutajua nani ni nani.

Tenga safu ya sarafu. Dodoso linalozunguka Dar es Salaam, Nairobi na Kigali litarudi na "50", na huwezi kujua kama ni dola 50, shilingi 50,000 za Tanzania zilizofupishwa, au faranga 50,000. Mtu anayejaza kwa simu huandika "laki na nusu", "1.5", "150k" na "150,000/=" kwa maana moja. Fanya kisanduku kipokee tarakimu tu, weka sarafu kwenye orodha ya kuchagua, na chini yake fomu irudie kiasi kwa maneno ili mhojiwa athibitishe. Saa nazo ziangaliwe. Ukiomba watu waandike shajara ya muda, wapo watakaoandika wameanza saa 3 wakamaliza saa 8, na wapo watakaoandika kazi hiyohiyo ilianza 9:00 ikaisha 14:00. Mtu mwingine ataandika 9 mpaka 2, na kompyuta itatoa saa hasi au saa 17. Uliza muda uliotumika, usiulize muda wa kuanza na kumaliza.

Baada ya bei, uliza saa zisizolipwa. Wengi hawajawahi kuzihesabu, kwa hiyo swali moja la jumla halitoshi. Taja kila kitu kwa jina: kutafuta wateja, kuandika mapendekezo ya kazi, vikao vya awali, kutengeneza sampuli za bure, kufuatilia malipo kwa simu na ujumbe, kujifunza programu mpya, mahesabu na kodi, kukaa bila umeme au mtandao. Chagua wiki moja, ile iliyoisha Jumapili iliyopita, na mtu akadirie saa kwa kila mstari. Ukitaja vitu hivyo kimoja kimoja, jumla huwa kubwa kuliko mtu alivyodhani, kwa sababu anakumbuka.

Hesabu inayofuata ndiyo tunayoitumia kueleza kwa umma kwa nini bei ya saa ya anayejitegemea haiwezi kuwa sawa na mshahara uliogawanywa kwa saa. Namba zake ni za mfano, ila mpangilio ni ule ambao mtu yeyote anaweza kujaza za kwake. Mwaka una siku 365. Toa siku 104 za Jumamosi na Jumapili, zinabaki 261. Toa sikukuu 15, likizo ya siku 15 na siku 8 za kuugua au kuuguza, zinabaki 223. Kwa saa 8 kwa siku hizo ni saa 1,784. Tuseme asilimia 60 ya saa hizo ndizo zinazolipwa na wateja, nyingine zinaishia kwenye mambo yaliyotajwa hapo juu. Zinabaki saa 1,070. Mtu huyu anataka kubaki na shilingi 1,200,000 za Tanzania kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Bando na umeme vinachukua 100,000 kwa mwezi, sawa na 1,200,000. Kompyuta ya 1,800,000 itakayodumu miaka mitatu ni 600,000 kwa mwaka. Programu na matengenezo, 400,000. Bima ya afya na akiba ya uzeeni, ambazo mwajiriwa husaidiwa na mwajiri, 1,800,000. Gharama zote zinafika 4,000,000. Jumla inayotakiwa kuingia ni 18,400,000. Gawanya kwa saa 1,070: kama shilingi 17,200 kwa saa. Mwajiriwa anayepokea 14,400,000 kwa saa 1,784 anapata kama 8,070 kwa saa. Mikononi wote wawili wana fedha ileile, lakini mmoja lazima atoze zaidi ya mara mbili ya mwenzake.

Mteja akionyeshwa hesabu hii mstari kwa mstari, mabishano hubadilika. Anaweza kupinga asilimia 60, anaweza kusema kompyuta hudumu miaka minne, na hapo tayari mnazungumzia gharama, hamzungumzii tamaa ya mtu. Kazi ya utafiti ni kujaza mistari hiyo kwa data halisi ya fani husika. Mpiga picha ana kamera, lenzi na usafiri, kwa hiyo mstari wa vifaa ni mzito. Mtafsiri ana vifaa vichache, lakini macho na mgongo haviruhusu saa 8 za kutafsiri kila siku. Mhariri wa video anakula bando kuliko wote. Ndiyo maana wastani wa "mafrilansa wote" ni namba isiyomsaidia mtu. Chapisha kwa fani, hata kama watu ni wachache.

Sampuli, yaani watu unaowachagua kuhojiwa, ndipo wengi wanapoteleza. Njia rahisi ni kutupa kiungo kwenye makundi ya WhatsApp na kusubiri. Wanaojibu ni wenye muda, wenye bando, walio karibu na wasimamizi wa kundi, na wenye uchungu wa kudhulumiwa juzi. Wasiojibu ni walioelemewa na kazi upande mmoja, na walioacha fani upande mwingine. Hao walioacha ndio wanaoumiza matokeo zaidi: ukihoji waliobaki tu, kazi huru itaonekana inalipa vizuri kuliko inavyolipa, kwa kuwa ambao haikuwalipa hawapo tena kujibu. Tafuta orodha za zamani, za wahitimu wa mafunzo ya miaka mitatu nyuma au wanachama waliokoma kulipa ada, na uwapigie simu. Swali moja linatosha: bado unafanya kazi hii, na kama hapana, kwa nini? Weka pia mgawo tangu mwanzo kwa mkoa, jinsia, fani na miaka ya uzoefu, na ufuatilie kila jioni kundi lipi limepungua. Dodoso lisizidi dakika 12 kwa simu ya kawaida. Kama wahojiwa wako mahali mtandao unapokatika, KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya dodoso, inaruhusu kujaza bila intaneti na kutuma baadaye. Jaribu kwanza kwa watu wanane hadi kumi, ukiwa umekaa kando yao, bila kuwasaidia. Pale wanaposita kidole juu ya kioo ndipo swali ni baya.

Kuhusu namba ya kutangaza, tumia mediani, yaani kipato cha mtu aliye katikati watu wote wakipangwa kuanzia wa chini hadi wa juu. Watafsiri tisa wakipata 400,000 kila mmoja na wa kumi akapata 6,000,000, wastani wao ni 960,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anakipata. Mediani ni 400,000. Tangaza pia mpaka wa robo ya chini na wa robo ya juu, ili anayeanza ajue sakafu ilipo.

Mfano mzuri wa faida ya mediani na ya kurudia kipimo kilekile unatoka Uingereza. ALCS, chama kinachokusanya na kugawa mirabaha ya waandishi, kimekuwa kikigharimia tafiti za mapato ya waandishi ambao uandishi ndio kazi yao kuu, yaani wanaotumia angalau nusu ya muda wao wa kazi kuandika. Mediani ilikuwa pauni 12,330 mwaka 2006, 11,000 mwaka 2013, 10,497 mwaka 2018, na 7,000 mwaka 2022. Hakuna hotuba inayoweza kushindana na mfululizo huo. Uzito wake unatokana na kwamba kundi linalopimwa limebaki lilelile. Wangebadilisha maana ya "mwandishi" katikati, kushuka kule kungebishaniwa mpaka leo.

Ucheleweshaji wa malipo unahitaji pande zote mbili. Ukiwahoji wafanyakazi tu, utapata hasira na siku za kusubiri, hutapata sababu. Hoji na wahasibu wa wateja. Hapo utasikia kwamba ankara haikuwa na namba ya mlipa kodi, kwamba hati ya agizo la ununuzi ilitolewa baada ya kazi kuanza, kwamba mwenye kutia saini yuko safarini, au kwamba wakala anasubiri alipwe na mteja wake kwanza. Kenya, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haikubaliki kupunguza kodi ya kampuni, hivyo mhasibu huiweka pembeni ankara ya kawaida aliyoandikiwa kwenye Word. Tanzania mteja anadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Ucheleweshaji wa aina hii unaondolewa kwa maelezo ya ukurasa mmoja kwa wafanyakazi. Ule wa wakala anayefanyia biashara fedha za watu hauondolewi kwa maelezo. Huo unahitaji sheria.

New York ilionyesha njia. Freelancers Union ilikusanya ushahidi na kutangaza kwamba asilimia 71 ya mafrilansa waliohojiwa wamewahi kupata taabu kulipwa, na kwamba aliyedhulumiwa hupoteza karibu dola 6,000 kwa mwaka kwa wastani. Namba hizo ziliingia kwenye vikao vya baraza la jiji. Sheria ikaanza kutumika Mei 2017: kazi ya kuanzia dola 800 lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, fedha zitoke ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Agosti 2024 ulinzi wa namna hiyo ukaanza kutumika katika jimbo zima. Kinachofaa kuigwa hapo ni swali lenyewe. Hawakuuliza kama watu wanaridhika na kazi zao. Waliuliza kitu ambacho mtunga sheria anaweza kukigeuza kuwa kifungu.

Kuna hatari moja ya kisheria ambayo vyama vingi havioni mpaka barua ifike. Kukusanya bei zilizokwisha kulipwa na kuzichapisha ni utafiti. Chama kikiwaambia wanachama "mtu asitoze chini ya hapa" kinaweza kuonekana kimekubaliana bei, na Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 na ile ya Tanzania ya mwaka 2003 zote zinakataza makubaliano ya bei kati ya washindani. Aliyejiajiri mbele ya sheria hizi ni mfanyabiashara. Marekani, vyombo vya serikali vinavyosimamia ushindani wa biashara viliwahi kuweka mwongozo mwaka 1996 kwa sekta ya afya ambao sekta nyingine ziliuiga: data isimamiwe na mtu wa tatu, iwe na umri wa zaidi ya miezi mitatu, kila takwimu itokane na watoa taarifa watano au zaidi, na asiwepo mmoja anayebeba zaidi ya asilimia 25 yake. Mwongozo huo uliondolewa mwaka 2023, lakini kama kipimo cha tahadhari bado ni kizuri, na kina faida ya pili: kisanduku cha jedwali chenye watu wanne, kwa mfano wakalimani wa lugha ya alama wa mji mmoja, kikichapishwa kila mtu atawajua. Kifiche au kiunganishe na cha mkoa jirani. Majina na namba za simu zitenganishwe na majibu siku ileile yanapoingia. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na mhojiwa ana haki ya kujua majibu yake yatakaa wapi na kwa muda gani.

Matokeo yakiwa tayari, usimpe mwandishi wa habari ripoti ya kurasa 60 ukategemea atafika kwenye maelezo ya namna utafiti ulivyofanywa. Mwandikie sentensi ambayo tayari imebeba kila kitu: nani, wangapi, lini, mediani, na kipi hakimo. Kwa mfano: "Kati ya wabunifu wa michoro 140 waliojibu Machi, wanaotegemea kazi hiyo kwa zaidi ya nusu ya mapato yao, mediani ya kilichobaki baada ya gharama na kabla ya kodi ilikuwa shilingi kadhaa kwa mwezi." Sentensi ikikatwa popote inabaki kweli. Ukiandika "wabunifu hupata", kichwa cha habari kitasema wabunifu wote wa nchi hupata, na kosa ni lako. Kwa redio andaa hesabu ya saa 1,070 isomeke kwa dakika moja na nusu. Kwa benki andaa kitu kingine kabisa: jedwali la mapato ya miezi 12 la fani hiyo, likionyesha miezi mikavu na miezi ya neema, ili ofisa mikopo aone kwamba mtu mwenye mwezi mtupu Januari si lazima awe ameshindwa.

Kabla ya wote hao, wapewe waliojibu. Watumie kurasa mbili na kikokotoo cha kujaza namba zao, wiki moja kabla ya vyombo vya habari. Watakuandikia kukosoa, na ukosoaji huo ndio ukaguzi bora utakaoupata. Mtu wa fani anaona haraka kuliko mtakwimu kwamba bei ya kugeuza dakika moja ya sauti kuwa maandishi haiwezi kuwa ile. Hifadhi maneno kamili ya kila swali, pamoja na mpangilio wake na tafsiri zake, mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuyapata ukiondoka. Maswali ya kutambua nani anahesabiwa, ya kazi tatu za mwisho na ya saa zisizolipwa yasiguswe hata kwa koma unaporudia baada ya miaka miwili. Mengine badilisha upendavyo.